Diazepamu na usukani wa bajaji

Mgongo ulinikaza hadi nikashindwa kugeuka kutazama nyuma, jambo ambalo dereva wa bajaji Dar hawezi kuishi bila kulifanya. Daktari akaniandikia diazepamu, miligramu 5 usiku, ili misuli ilegee. Wengi tunaijua kwa jina la Valium, na kijiweni kwetu inaitwa tu dawa ya usingizi. Kwa hiyo sikuinuka haraka kitini, nikataka kwanza kujua inaendana na nini.

Nilikuwa nimebeba kifuko chenye dawa zote za nyumbani, maana majina huwa yananitoka. Daktari alipozimwaga mezani, mbili alizitenga papo hapo: tramadoli iliyobaki nilipong'oa jino, na Piriton ya mafua. Tramadoli, akasema, ni ndugu wa mofini, ile dawa kali ya maumivu. Ikikutana na diazepamu, pumzi hupungua kasi, na mtu anaweza kulala asiamke. Marekani tangu 2016 onyo hilo huzungushiwa mistari ya kisanduku kwenye maelezo ya dawa, daraja la juu kabisa la maonyo ya dawa kule. Pombe nayo hufanya kazi ileile. Piriton yenyewe ingeniongezea usingizi juu ya usingizi, basi mafua yasubiri.

Akaniuliza kama nimewahi kuugua ini. Hapana. Kisha akauliza kama nakoroma, na hapo ikabidi nimpigie simu mama watoto, kwani mkoromaji hajisikii. Akajibu kwamba nakoroma sana ila pumzi haikatiki. Ingekuwa inakatika, daktari asingenipa dawa hii, kwa sababu inalegeza na misuli ya koo.

Lililonigusa zaidi ni la usukani. Watu huamini dawa ya usiku huisha usiku. Diazepamu haina haraka hiyo: kwa mtu mzima, siku mbili baadaye karibu nusu yake inaweza kuwa bado mwilini, na mwili huigeuza kuwa kemikali nyingine inayoleta usingizi vilevile, tena inayokaa muda mrefu zaidi. Ukimeza kila usiku, ya leo inaikuta ya jana na ya juzi. Nilimwomba daktari aniambie wazi siku ya kurudi barabarani, naye akasema nisiendeshe wakati wote wa dozi, na nikimaliza nisubiri hadi kichwa kiwe chepesi kabisa.

Nikampa deiwaka, dereva wa kushikia kwa siku, bajaji. Iliniuma, kwa sababu hesabu ya kila siku ya tajiri mwenye bajaji haijui mgonjwa, na kilichobaki kila jioni kilitosha unga na mboga tu. Lakini asubuhi ya kwanza nilitumwa maandazi nikashindwa kujumlisha chenji, nikamshukuru Mungu kwamba hapo mbele yangu palikuwa na muuza maandazi tu, si makutano ya barabara ya Ubungo.

Dada wa famasi alikikagua cheti, akaniambia, "Kaka, usije kuongeza nyingine bila kuonana na daktari." Vidonge vilikuwa vichache kwa makusudi. Dawa hii huzoeleka ndani ya wiki chache tu, na aliyeimeza muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupata hata degedege; yeye hupunguziwa kidogo kidogo na daktari. Nyumbani niliifungia kabatini, ufunguo nikakaa nao, maana mdogo wetu kila kidonge kwake ni peremende.

Shangazi aliposikia habari akaomba viwili, eti usingizi wake hukatika saa nane. Nikamwambia, "Shangazi, nisamehe, hizi nimeandikiwa mimi." Mwili wa mzee huitoa dawa hii polepole, naye choo chake kiko uani, akitoka gizani huku anayumba, nyonga inavunjika. Alininunia. Nilimpeleka kliniki, na swali la kwanza waliloanza nalo lilikuwa jioni anakunywa vikombe vingapi vya chai ya rangi.