Viatu vya Lukaya

Juzi nilikuwa namnunulia mwanangu viatu vya shule. Nikapiga goti pale dukani, nikabonyeza ncha ya kiatu kwa dole gumba kutafuta kidole chake kimefika wapi, kisha nikapenyeza kidole changu kisiginoni. Akaniuliza, "Mama, mbona unanikagua hivyo?" Ndipo nikashtuka kuwa mikono ile si yangu. Ni ya Babu. Ndivyo alivyowapima watoto kila Januari, wa kwake na wa watu, pale chini ya mwarobaini stendi ya Bunda.

Babu mnamjua. Yule wa katambuga za matairi, aliyetulea sisi watano baada ya mama kufariki. Alfajiri yuko shambani kwenye pamba na mihogo, saa mbili asubuhi yuko stendi, jua likizama anarudi na kisu chake kimeviringishwa kwenye kitambaa, na mfukoni hakukosi kitu chetu: kashata, kipande cha muwa, andazi lililobonyea. Sijawahi kumwona amelala mchana. Watu walimwita Mzee wa Kagera, ila vita yenyewe, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, hakuisimulia. Redio ikirusha hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, ile ya uwezo, sababu na nia, alisimama wima mpaka iishe, kisha akaketi na kuendelea kushona. Wenzake wakianza habari za Amin na daraja la Kyaka lililolipuliwa, yeye aliuliza nani ana msumari mdogo.

Kwangu aliisimulia mara moja tu, Januari 1997, jioni ya kuamkia safari yangu ya Tabora kuanza kidato cha kwanza.

Viatu vyangu alivishona mwenyewe. Vyeusi, vya kamba, ngozi tupu, soli ya tairi la lori. Aliweka beseni la maji ya uvuguvugu karibu na kibatari, akaketi kwenye kigoda, akapiga paja lake kwa kiganja.

"Leta mguu, mke wangu."

Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nikaona haya. Akapiga tena paja. Nikaweka mguu. Akauosha polepole, kisigino, kifundo, kidole kimoja kimoja, akaufuta kwa kanga kuukuu ya bibi. Katikati ya vidole alifuta mara mbili. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama zile soli alizozikata, lakini sikuwahi kushikwa kwa upole namna ile.

"Mtu akikwambia vita ni bunduki," alisema, "mwambie hajatembea. Sisi Kampala tuliifuata kwa miguu. Barabara tulimwachia adui, tukapita porini, migombani, na mzigo mgongoni. Mvua ikikunyeshea, buti halikauki. Ngozi ya mguu inatoka na soksi."

Kisha akataja Lukaya.

Baadaye nilisoma habari zake vitabuni. Ni mji mdogo barabara ya Masaka kwenda Kampala, na mbele yake barabara inakatisha kinamasi. Tarehe 10 Machi 1979 jeshi la Amin, likisaidiwa na askari wa Libya aliowatuma Gaddafi, liliishambulia Brigedi ya 201 ya Tanzania pale. Wengi wa brigedi ile walikuwa mgambo, watu waliotoka na majembe yao miezi michache nyuma. Roketi za Libya zilipita juu ya vichwa vyao bila kuwapiga sawasawa, ila kwa mtu ambaye hajawahi kusikia kishindo kile, hilo si faraja. Wengi walivunja safu. Alfajiri Brigedi ya 208 ikazunguka ikawapiga maadui ubavuni, na wale wa 201 wakajikusanya wakarudi mbele. Vitabu vinaita ushindi mkubwa, na ulikuwa mkubwa kweli. Babu alikuwa na maneno machache kuliko vitabu.

"Nilikimbia," alisema. "Usiku ule nilikimbia, mke wangu. Nikaingia kinamasini mpaka kiunoni, na tope likanivua buti la kushoto. Nikalitafuta kwa mikono gizani. Sikulipata."

Alikuwa bado ameshika mguu wangu. Kibatari kilikuwa kinatoa moshi, akanyoosha mkono akapunguza utambi, akarudi kwenye mguu.

"Kulipokucha tukaambiwa turudi. Nilirudi na kiatu kimoja. Tuliposhika barabara nikamkuta mwenzangu tuliyelala naye handaki moja tangu Mutukula, kule mpakani. Amekwisha kufa. Viatu vyake vizima. Nikapiga goti nikamfungua kamba. Kamba zilikuwa zimelowa, hazifunguki upesi, na watu wananipita. Nikamwambia, ndugu yangu, naazima."

Sikujua la kusema. Nilimuuliza swali la kitoto: vilimtosha?

"Vilinibana. Kidole gumba hakikupata pa kulala mpaka Kampala."

Kampala iliangukia mikononi mwao tarehe 11 Aprili. Mwezi mzima, basi, kwenye viatu vya marehemu. Babu alichukua kiatu changu kipya, akanivisha, akafunga kamba, akabonyeza ncha. Akauliza kidole kinapumua? Nikasema kinapumua. Akanivisha cha pili. Akaniambia nitembee kutoka mlangoni mpaka kwenye mtungi na kurudi, naye akainama kutazama kisigino kinavyokaa. "Haya," akasema. "Kasome."

Asubuhi alinibebea sanduku hadi kwenye basi la Mwanza, akanipa shikamoo za kumpelekea kila mwalimu. Viatu vile nilivivaa mpaka kidato cha tatu.

Tangu alipofariki tumekuwa tukibishana mimi na kaka. Kaka anasema Babu alikuwa fundi viatu kwa sababu stendi ilihitaji fundi viatu, basi, na watoto aliowashonea bure aliwashonea kwa sababu alikuwa mtu mwema. Tusimfanye mdeni. Labda ni kweli. Mimi namkumbuka akiwaita wale watoto wa wapiga debe, anawakalisha, anawabonyeza vidole, na sioni kama ule ulikuwa wema peke yake. Lakini hakuniambia hivyo, na sitaki kumtilia maneno kinywani.

Jambo moja aliniambia usiku ule ambalo sijawahi kuliandika hapa: jina la mwenye viatu, na kwamba kwao ni Newala. Sasa kaka, yeye yule asiyetaka Babu aitwe mdeni, ndiye anayenisukuma tuwatafute watu wake. Nina wasiwasi. Huenda wana habari yao ya jinsi alivyokufa, wameishi nayo miaka yote hii, na sisi twende kuwaambia kwamba alizikwa miguu mitupu? Au watafurahi kujua kwamba viatu vyake, walau, viliingia Kampala? Kaka anasema tutajua tukifika. Nauli nimeanza kuiweka, lakini siku ya kuondoka sijakubali kuipanga.