Maharage ya sahani 60: hatimaye yameiva, na mkaa umebaki

Maharage yameiva. Kilo 5 kavu, sufuria ya lita 30, sahani 60, na mkaa uliobaki umerudi kwenye gunia. Sahani ya ugali kwa maharage tunaiuza shilingi 1,000 hapa Kigoma ili bumu (pesa za mkopo za wanafunzi wa chuo) likichelewa watu wasipige pasi ndefu, yaani kukaa bila kula, na bei hiyo inasimama au inaanguka kwa mkaa.

Kilichokuwa kinamaliza mkaa ni maharage ya Kasulu yaliyonunuliwa rahisi wakati wa mavuno yakawekwa stoo. Yanatokota kwa muda wa saa nne, ganda bado linagoma. Wa kwanza kushukiwa alikuwa maji, maana Ziwa Tanganyika lina magnesiamu nyingi. Kilo moja ikapikwa kwa maji ya bomba, nyingine kwa maji ya mvua: zote ngumu. Maharage mapya, kwa maji yaleyale ya bomba, yakalainika ndani ya saa moja na nusu. Basi ni stoo. Miezi ya joto la bati na unyevu wa ziwani hufanya kalsiamu na magnesiamu zilizomo kwenye punje zenyewe zishikamane na pektini, gundi inayoshikilia seli, na hapo seli haziachani hata uchochee moto vipi. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, ni mizuri mno kwa wadudu, lakini joto haizuii.

Dawa ni chumvi: gramu 15 kwa kila lita, lita 15 za maji kwa kilo 5, yaloweke usiku kucha. Sodiamu inachukua nafasi ya kalsiamu kwenye ganda. Wapishi wengi wanasema chumvi ndiyo inayogomesha maharage, lakini wa kulaumiwa ni nyanya na ukwaju vikitangulia. Maji ya kuloweka mwaga, suuza, bandika. Magadi hulainisha haraka zaidi, ila yanaua vitamini B1, na kwa mtu ambaye hii ndiyo sahani yake pekee ya siku, hatuyatii kabisa.

Hatua iliyofuata ilikuwa dagaa wa Ijumaa. Imesogezwa mbele, kwa sababu ya kapu la kutunza joto, ambamo sufuria inaendelea kuivisha bila moto. Tenga la mianzi, sponji ya godoro sentimita 10 chini, pembeni na juu, blanketi kuukuu juu yake. Maharage yatokote kwa nguvu dakika 30 kwanza, bila kupunguza: mabichi yana lektini, sumu ya asili, hasa mekundu, na joto la chini ya nyuzi 80 haliiharibu. Kisha epua yakiwa yanatokota, funika, yaingie kapuni. Baada ya saa 3 kipimajoto kilisoma 86, na punje ilipondeka kwa vidole viwili. Kipimajoto cha sindano ndefu kina faida kuliko jiko jipya la bei mbaya. Kikisoma 97 maji yakichemka usikitupe, Kigoma iko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, na huku maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Kabla ya kugawa yarudi motoni yachemke tena, kisha kitunguu, nyanya, na mawese mwishoni. Mawese yasichomwe hadi yapauke. Wekundu ule ndio karotini, na mwili unaigeuza vitamini A.

Kinachosumbua bado ni mfuniko: sufuria za alumini zinabonyea ukingoni, mvuke unatoka, na sponji inalowa. Kwa sasa kitambaa kinene kinakunjwa mara nne chini ya mfuniko. Sufuria ya lita 50 inasubiri tenga lake, na dagaa watapikwa kwenye jiko lililobaki wazi, wakishachekechwa mchanga.