Toroli limenizimikia shimo la 14
Jumamosi toroli langu la gofu, lile la umeme la kubebea begi la vijiti, lilizima kwenye shimo la 14, tena kwenye mwinuko, na mvua ya Uingereza kama mnavyoijua. Nikalisukuma mpaka la 18, la mwisho. Kosa langu: betri ya asidi niliiacha tupu kwenye buti ya gari wiki mbili. Ile ukimaliza kucheza lazima uichaji siku hiyohiyo, la sivyo sahani za madini ya risasi ndani yake zinaganda chumvi, haijai tena.

Leo nimechukua ya lithiamu, volti 12, ampea-saa 18. Ya zamani kilo 9 na ushee, hii naibeba kama chupa ya maji! Bei imeniuma, sifichi. Na ina chaja yake, ya zamani haifai. Pia hii ya lithiamu haichajiwi kwenye baridi chini ya sifuri, kwa hiyo gereji hapana. Mama watoto anauliza kwa nini betri inalala sebuleni.