Katapila aliishi, ndama wa wifi hakuishi

Ukifuga ng'ombe wa maziwa kwa miaka ya kutosha, ipo siku utapokea ndama asiyeweza kusimama, na kabla hujanawa mikono banda limeshajaa washauri. Huyu atasema mchinje, yule atasema mwachie Mungu, na siku hizi hakosekani kijana wa kutoa simu akuonyeshe mbwa wa Ulaya anayekimbia kwa magurudumu. Mimi nafuga huku Rungwe, katikati ya migomba na baridi ya Tukuyu, na yamenikuta yote mawili: ndama niliyemhangaikia huku nikiambiwa napoteza muda, na ndama niliyeitwa nimwokoe nikasema auawe. Naandika jinsi nilivyoamua kila mara. Mwenye ndama wa namna hiyo saa nane za usiku hana haja ya hotuba.

Wa kwanza ni Katapila. Jina walimpa watoto, kwa sababu alizaliwa na miguu ya mbele iliyokunjika kwenye vifundo, akawa anasukuma nyasi kwa magoti kama anachonga barabara. Alikuwa ndama jike wa kwanza wa ng'ombe tuliyempata kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na kwa kanuni za kikundi huyo si wako, ni wa familia inayofuata kwenye orodha. Mama wa familia hiyo alikuja kumtazama, akamzunguka mara moja, akaaga. Mwenyekiti alisema wazi kwamba ndama mlemavu hapokelewi kama malipo, tumchinje tusubiri mimba nyingine. Sikumlaumu. Kwa mtu anayehesabu lita, ndama asiyesimama ni hasara inayokula.

Aliyenisaidia ni afisa mifugo wa kata, ambaye sote tunamwita daktari. Hakuanza na maneno. Alipiga magoti kwenye samadi, akashika mguu mmoja, akaunyoosha taratibu. Ulinyooka karibu wote, kisha ukarudi kukunjika. "Mama, kiungo ni kizima," akasema, "kano ndizo fupi." Akanieleza kuwa hutokea, hasa ndama akiwa mkubwa na nafasi tumboni ndogo, na kwamba wengine hunyooka wenyewe wakishaanza kusimama, kwa sababu uzito wa mwili ndio unaozivuta kano. Katapila alikosa pa kuanzia tu. Daktari akamtia kidole mdomoni, akanyonya kwa nguvu. Akambana kwa kucha katikati ya kwato za nyuma, akavuta mguu. Akainua mkia: tundu lipo, na kinyesi cha kwanza kimeshatoka. (Hilo la mkia usilicheke. Wapo ndama, na zaidi watoto wa nguruwe, wanaozaliwa bila tundu, na mtu akabaki anashangaa kwa nini tumbo linavimba wakati mtoto ananyonya vizuri.)

Halafu, kabla hata ya kuanza kutibu miguu, akauliza kuhusu dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo ng'ombe akishazaa. Hapa ndipo naona ndama wengi wanapopotea. Ndama huzaliwa hana kinga ya maradhi; anaipata kwenye dang'a, na utumbo wake huipitisha kwenda kwenye damu katika saa za mwanzo tu. Zikipita saa 24, ukimpa dang'a ni chakula, si kinga. Kiasi chake ni kama sehemu ya kumi ya uzito: ndama wa kilo 35 anahitaji lita tatu na nusu, na nyingi yake iwe imeshaingia ndani ya saa sita. Sasa asiyesimama ataifikiaje chuchu? Anaachwa pale chini "tuone kama atapona," anashinda njaa, anaharisha, kitovu kinaoza kwa kulalia mkojo, akifa inasemwa ulemavu umemuua. Mimi nilikamua, nikamnywesha kwa chupa yenye chuchu ya mpira akiwa ameinuliwa kifua ili maziwa yasimwendee mapafuni, na kitovu nikakichovya kwenye iodini.

Kabla ya kumfunga miguu, daktari alitutaka jambo ambalo mume wangu aliliona la ajabu: tuseme mapema ni nini kitakachotufanya tuache. Tukaandika nyuma ya daftari la maziwa. Akiacha kunyonya. Akipata kidonda kinachofika kwenye mfupa. Akifika mwisho wa mwezi bila kukanyaga kwa kwato. Faida ya maandishi yale niliielewa baadaye. Mnyama ukishamnywesha kwa mkono wako wiki mbili, akawa anakuita ukipita, huwezi tena kumwamulia. Kila dalili mbaya unaisomea heri. Afadhali uamuzi ufanywe na yule wewe wa siku ya kwanza, ambaye bado hajampa jina.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Tulipasua kwa urefu kipande cha bomba la plastiki la maji, tukalainisha kingo, tukauzungushia mguu pamba nene, tukaweka bomba, tukafunga bandeji juu yake. Ncha ya kwato iachwe iguse chini. Ukiifunika, uzito haufiki kwenye kano na umejisumbua bure. Kila asubuhi unafungua, unakagua ngozi, unaipa hewa, unafunga upya. Niliwahi kuona mbuzi aliyefungwa vijiti na kusahauliwa. Mfupa ulikuwa nje, na mwenyewe akidhani amemtendea wema. Wakati wa kunywa, mume wangu alimnyanyua Katapila kwa gunia lililopitishwa chini ya tumbo, mimi nikishika chupa. Daktari alimchoma dawa ya maumivu, maana kano ikivutwa inauma, lakini kwanza alituuliza kama tuko tayari. Ukishamchoma mnyama dawa, nyama yake hailiwi mpaka muda wa dawa kutoka mwilini uishe, na kwa baadhi ya antibiotiki ni wiki nzima kadhaa. Ile hesabu ya "tujaribu, ikishindikana tutakula" inakufa pale pale. Tukasema mchome.

Alisimama. Mwendo wake mpaka leo una kigugumizi kidogo mguu wa kulia ukiwa kwenye mteremko, lakini amezaa, anakamuliwa. Kikundi kilipokea ndama jike aliyefuata, na Katapila akabaki kwetu.

Habari zikasambaa kupita kiasi. Nikawa fundi wa vilema bila kuomba. Ndipo wifi yangu, anayekaa upande wa Busokelo, akapiga simu usiku: "Wifi, njoo na mabomba yako." Nikamwuliza kitu kimoja tu, mguu ukiuvuta unanyooka? Akaenda, akarudi kwenye simu. "Haunyooki wala haukunjiki."

Nilienda nikijua. Ndama alikuwa ametolewa kwa kamba na wanaume watatu, kwa sababu mtoto mwenye viungo vilivyokakamaa hapiti vizuri kwenye njia ya uzazi. Miguu yote minne ilikuwa imegandia kwenye maungio, mgongo umepinda ubavuni, na wifi alikuwa anampa dang'a kwa kijiko huku nyingine ikitokea puani. Nikafungua mdomo nikamulika kwa simu. Kaakaa lilikuwa limepasuka katikati. Kwa ndama kama huyo kila funda moja ni hatari ya maziwa kuingia mapafuni, na homa ya mapafu haichelewi.

Lakini macho yalikuwa mazima, na kidole changu alikinyonya. Wifi akashika mkono wangu: "Umeona? Anataka kuishi!" Hili ndilo gumu kuliko yote, na sijui mtu anayelipita kirahisi. Mtoto wa ng'ombe hunyonya kwa sababu amezaliwa na kunyonya. Hajui ya kesho ili aitake au aikatae. Anachojua ni njaa, baridi, maumivu, joto la ulimi wa mama yake. Kwa hiyo mimi nikitazama nauliza hayo hayo anayoyajua yeye: atashiba bila kukabwa? Atageuka mwenyewe akichoka upande mmoja? Atamfuata mama yake? Hapo jibu lilikuwa hapana, hapana, hapana, na hakuna bomba wala sindano ya kubadilisha hata moja.

Mtoto wa wifi, kijana wa sekondari, alikuwa na simu tayari. Alinionyesha tembo wa Thailand aitwaye Mosha, aliyekanyaga bomu la kutegwa ardhini mwaka 2006 akiwa na miezi saba tu, akapoteza mguu wa mbele, akatengenezewa wa bandia. Ni kweli, na ni habari nzuri. Nikamwambia aendelee kusoma: mguu ule ilibidi ubadilishwe tena na tena kadiri alivyokuwa akiongezeka uzito, kuna hospitali ya tembo na wataalamu nyuma yake, na miguu mitatu iliyobaki ilikuwa mizima. Uzito ndio hakimu. Mbwa mdogo wa magurudumu unambeba kwapani. Ndama unayemnyanyua leo kwa gunia, baada ya mwaka ana kilo mia mbili na zaidi, na mnyama anayecheua hakuumbwa kulala ubavu: gesi inamjaa, misuli inakufa kwa kulaliwa, vidonda vinachimba. Ukatili wa jambo hili ni kwamba inabidi uamue akiwa bado mdogo na anapendeza, wakati mateso makubwa hayajaonekana bado.

Mama mkwe, aliyekuja kumtembelea binti yake, alikuwa amenyamaza muda wote. Akasema, "Na angekuwa mtoto wa mtu, mwanangu?" Kimya kikatanda, kwa sababu kwenye ukoo tunaye binti anayetembelea kiti cha magurudumu na anasoma vizuri kuliko wengi. Nikamjibu kwa heshima, lakini sikuzunguka. "Mama, binti yetu anasema pakimuuma, anacheka, ana shule, ana sisi mpaka uzeeni. Huyu hana chochote ila mwili, na mwili wenyewe ndio unaomtesa. Sitaki awekwe kwenye mizani moja na binti yetu, hata kwa kumhurumia." Mama ni muumini wa kanisa la Moravian wa siku nyingi. Akakumbusha mwenyewe Mithali 12:10, pale panaposema mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake, na huruma ya mwovu ni ukatili. Nusu ya pili ndiyo aliyoirudia.

Sheria pia haiko mbali na hapo. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu, na zile kanuni tano za uhuru wa mnyama ambazo wataalamu hufundisha, zilizotokana na ripoti ya Uingereza ya mwaka 1965, zinataja njaa, adha, maumivu, hofu na kushindwa kuishi kwa tabia yake. Hazisemi aishi muda gani. Watu husoma neno ustawi wakadhani ni kuishi tu.

Sindano ya kumlaza usingizi wa mwisho haikupatikana usiku ule. Hata ingepatikana, mzoga wake lazima ufukiwe chini sana, kwa sababu dawa hubaki kwenye nyama na mbwa akiila hufa. Tukamwita mchinjaji anayeaminika kwa mkono wake, mwenye kisu kinachokata mara moja. Niliomba asifungwe kamba, nikamshika mimi. Vijana walitaka nyama, hakuwa na dawa yoyote mwilini. Wifi alikataa, akafukiwa. Asubuhi tulimkamua mama yake kwa wakati ili kiwele kisimuume. Wengi husahau kwamba katika kisa hiki kuna mgonjwa wa pili, naye ametoka kuvutwa na wanaume watatu.

Daktari alipofika alihoji mambo ya miezi ya nyuma: dume lilikuwa la nani na lina undugu gani na ng'ombe, alikula majani gani wakati wa kiangazi, alipewa dawa gani ya minyoo na lini. Albendazoli, kwa mfano, haipewi ng'ombe katika siku 45 za mwanzo za mimba. Vipo pia virusi vinavyoenezwa na visubi, kama Akabane, vinavyomharibu ndama tumboni huku mama akionekana mzima kabisa. Wifi ameachana na dume lile, sasa anatumia mrija, yaani mbegu za kupandikiza, na tarehe zote anaandika. Jirani aliyekuwa ameanza kunong'ona mambo ya mkosi na macho ya watu alipoteza wasikilizaji.

Baadaye wifi alinirushia swali ambalo bado linanisumbua kuliko la mama mkwe. "Wewe na mabomba yako, na daftari lako. Mbona ndama dume wazima wanakufa kwenye mabanda yetu kila mwaka na hakuna anayeita kikao?" Ana haki. Kwa mfugaji wa maziwa dume ni mdomo tu. Anapewa kidogo kinachobaki baada ya gari la maziwa kupita, anadhoofu, kuhara kwa siku mbili kunamaliza kazi, na hakuna aliyemwua. Miguu minne mizima, mgongo umenyooka, na anateswa kwa muda mrefu kuliko yule tuliyemchinja usiku mmoja.

Kwangu sasa dume anapata dang'a yake yote na maziwa mpaka aweze majani na pumba. Mume wangu amepiga hesabu ya lita zinazoenda huko na kila siku ya malipo ya maziwa ananisomea. Namjibu kwamba ndama akituzidi tumuuze angali na nguvu, au achinjwe akiwa mzima na ashibe siku hiyo hiyo, ila kumwacha aishe polepole kwa sababu si jike, hilo halifanyiki kwenye banda langu. Hajakubali bado.