Jinsi nilivyolinganisha muda wa kusubiri katika zahanati mbili

Nilikuwa na dakika za kusubiri za wagonjwa wa zahanati mbili, na jaribio la t, kipimo cha takwimu kinacholinganisha wastani wa makundi mawili, likanigomea: wastani ulitofautiana sana, lakini thamani ya p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama kwa kweli hakuna tofauti, ilibaki kubwa. Nikachora histogramu, chati ya nguzo inayoonyesha ni wangapi walisubiri muda gani. Nguzo zimerundikana kushoto, mkia mrefu unaelekea kulia. Hapo nikaelewa. Chukua dakika 10, 12, 15, 18 na 240: wastani ni 59, ilhali namba ya katikati ni 15. Mgonjwa mmoja kauburuta wastani wote! Kumfuta sikutaka, mtu yule alisubiri kweli.

Nikahamia jaribio la Mann na Whitney, la mwaka 1947. Hili hupanga namba za makundi yote mawili pamoja, kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha hutumia nafasi zake tu. Ile 240 inabaki kuwa ya mwisho kwenye foleni, basi. Kwenye R, programu ya takwimu, niliandika amri ya jaribio hilo, wilcox.test(dakika ~ zahanati), na tofauti ikajitokeza.

Ila usikimbilie kusema umelinganisha namba za katikati. Hilo linafaa pale tu migawanyo miwili, yaani jinsi namba za kila kundi zilivyotawanyika, ina umbo moja, na yangu haikuwa hivyo. Niliandika kwamba wagonjwa wa zahanati ya kwanza huelekea kusubiri zaidi.