Maharagi ya Mama na dakika 30

Bukavu, Jumamosi usiku

Umeme umerudi saa tatu hii, kwa hiyo naandika upesi kabla haujabadili mawazo.

Niko mwaka wa pili wa uhandisi wa vifaa vya tiba. Nyumbani Kadutu wanadhani nasomea udaktari, nimechoka kuwasahihisha. Wiki hii niko stazi, yaani mafunzo ya kazi, kwenye kituo kimoja cha afya, na kazi yangu ni otoklavi, ile sufuria nzito ya mvuke inayoua vijidudu kwenye makasi na koleo. Darasani tuliandika: nyuzi 121, dakika 15. Nikamkuta mama muuguzi anaiacha dakika 30. Nikamwambia, kwa adabu yenye kiburi kidogo cha auditwari, ukumbi wetu wa masomo, kwamba anamaliza makala, yaani makaa ya moto, bure.

"Huku kwetu vitu haviivi haraka, mtoto wangu." Basi, akaendelea kukunja vitambaa.

Jioni nikamkuta Mama na maharagi yaliyokuwa jikoni tangu saa saba. Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka na kutafuta kalamu.

Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na sisi tuko mlimani juu yake. Hewa ni nyepesi. Maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharagi hukawia kuiva. Mshale wa otoklavi nao hauhesabu hewa ya nje, unaonyesha tu mgandamizo uliozidi. Ukisoma bar 1 (bar ni kipimo cha mgandamizo), pwani ndani mna bar 2, nyuzi 120 na kitu. Huku mna 1.85 tu: nyuzi 118.

Nyuzi tatu nilitaka kuzidharau. Lakini kwa vijidudu vilivyo sugu kabisa, ukipungukiwa nyuzi 10 muda unaohitajika huzidi takriban mara 10, na ukipungukiwa tatu huzidi mara mbili. Kumi na tano mara mbili! Nilirudia hesabu mara tatu kwa taa ya simu.

"Papa, minervali yote ile ni ya maharagi?" Mama akaniuliza. Papa ni mimi mwanawe, na minervali ni karo ya chuo.

Jana nikampelekea mama muuguzi karatasi yangu. Akaisoma juu hadi chini, akanirudishia, akauliza kama naweza kubadilisha mpira wa mfuniko, maana mvuke unavuja. Hilo hatujalifikia darasani. Nimepima mzingo wake kwa uzi. Jumatatu nitaulizia sokoni mpira unaostahimili joto hilo.