Ofisi ya Ustawi Haigawi Fedha

Leo Jumapili nimeshinda nyumbani nikiandaa taarifa ya robo ya mwisho ya mwaka wa fedha, ambayo lazima ifike halmashauri kabla Juni haijaisha. Fomu inataka idadi ya mashauri yaliyopokelewa, yaliyosuluhishwa, yaliyopelekwa mahakamani na yanayoendelea. Kila ninapofika kwenye matunzo ya watoto kalamu husita, kwa sababu fomu huhesabu kwamba shauri limekwisha siku wazazi walipotia saini, ilhali mtoto aliyetajwa katika jalada hilo ana miaka minne na atahitaji kula kila siku mpaka afikishe miaka 18. Nimeona niandike hapa yale ambayo hayaenei katika fomu.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika kata iliyo chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Wengi wanaofika ofisini kwa mara ya kwanza huja wakiamini kwamba tuna fungu la kuwapa. Anayetafuta mkopo wa vikundi vya wanawake au vijana namwelekeza kwa mwenzangu wa Maendeleo ya Jamii. Anayeuliza kwa nini jina lake halimo katika mpango wa kunusuru kaya maskini namweleza jinsi TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wanavyozitambua kaya, na kwamba orodha ile haitungwi mezani kwangu. Mzee asiye na uwezo, anayehitaji msamaha wa matibabu, namwandikia barua ya kwenda nayo kwa mwenzetu wa ustawi aliyeko hospitali, baada ya kujiridhisha na barua ya mtendaji wake. Wote hawa huondoka na kitu mkononi, lakini si fedha. Ofisi ya ustawi ina sheria, muhuri, jalada na ruhusa ya kubisha hodi kwenye nyumba ya mtu na kumuuliza kuhusu mtoto wake. Nimefika mahali pa kuamini kwamba hayo si machache, ilimradi mwenye kuyashika asichoke kufuatilia.

Mwanamke anayekuja kudai matunzo huwa amekwisha kupita kwingi. Amezungumza na wakwe, amekwenda kwa mjumbe, amemlilia mwenyekiti wa mtaa, pengine ameketi na wazee wa kanisa au msikiti wake, na kila mahali ameambiwa avumilie au apewe muda. "Nitakupeleka Ustawi" ni tishio ambalo amelitamka mara nyingi kabla ya kulitekeleza. Ndiyo maana sipendi kabisa kumwambia mtu wa namna hiyo arudi kesho. Hata kama siku imekwenda, namkaribisha akae, aeleze, niandike, kwa kuwa mara nyingi nauli ya kurudi kesho hana, na ujasiri wa kurudi kesho huenda usiwepo. Jambo linaloniumiza ni kwamba chumba chetu tunakitumia maafisa wa idara zaidi ya moja. Mama anaeleza yaliyompata ndani ya ndoa yake huku kijana aliyekuja kuchukua fomu za mkopo amekaa hatua mbili kutoka hapo, na nimeona wanawake wakikatisha maelezo katikati na kusema tu, "Basi mama, andika hivyo hivyo." Nikiona hivyo, humtoa nje tukazungumzia chini ya mwembe.

Shauri mojawapo la robo hii nitalieleza bila kutaja chochote cha kuwatambulisha wahusika. Mama anauza sokoni mboga zinazoshushwa kutoka Mgeta, karoti na kabichi kwa wingi, na baba ni fundi ujenzi. Hawakuwahi kufunga ndoa. Baba alikuja na kaka yake. Mama alikuja na mjomba wake, mzee wa makamo aliyevua kofia mlangoni na kuishika magotini muda wote wa kikao. Huku kwetu mjomba ana nafasi kubwa, kwa kuwa kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hupita huko huko. Baba alilishika jambo hilo tangu mwanzo. Akasema, "Mama Ustawi, wewe unajua mila za hapa. Mtoto ni wa kwao. Wajomba zake wapo, wana mashamba."

Nilimwachia mjomba ajibu, kwa sababu neno lake katika hilo lina uzito kuliko langu. Alikohoa kidogo, akasema bila kupandisha sauti, "Shamba atapata kwetu, hilo halina mjadala. Lakini sisi hatukumzaa mtoto huyu peke yetu, baba." Kaka wa yule fundi akainamisha kichwa, na kuanzia hapo kikao kilibadilika, tukaanza kuzungumza hesabu.

Katika hesabu ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko wenzangu wengi wanavyoona inafaa. Siulizi "utatoa shilingi ngapi," maana swali hilo huleta mnada. Nachukua karatasi, tunaandika unga, mchele wa siku chache, dagaa, mafuta ya kula, sabuni, mkaa, sehemu ya kodi ya chumba, madaftari, viatu vya shule, na mama mwenyewe anataja bei kwa sababu sokoni ndiko anakoshinda. Kisha nawasomea wajibu wa mzazi kama ulivyoandikwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na malezi, uhuru, na haki ya kucheza na kupumzika. Nilipofika hapo mwisho yule fundi aliniomba nirudie. Alisema hakujua kwamba serikali iliwahi kukaa ikafikiri kuhusu mtoto kucheza. Nilimgeuzia kijitabu akasoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari.

Kabla ya sheria hiyo, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa chini ya sheria ya zamani iliyoweka kiwango cha shilingi 100 kwa mwezi, na kiwango hicho kilibaki vitabuni wakati shilingi 100 ilikuwa imekwisha kupoteza thamani yake yote. Sheria ya 2009 iliifuta ile ya zamani, na sasa kinachotazamwa ni kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu mengine waliyonayo na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Naona haya ni mabadiliko makubwa ambayo hatuyasemi vya kutosha. Mwanamume mwenye kibarua hapaswi kutozwa kama mwenye mshahara, na mwenye mshahara hapaswi kujificha nyuma ya mwenye kibarua.

Tulikubaliana malipo ya kila wiki, siku ya Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku mafundi wanayolipwa. Mikataba mingi ya matunzo huvunjika, kwa maoni yangu, kwa sababu tu imeandikwa kwa mwezi kana kwamba kila baba ana hati ya mshahara. Anayelipwa kwa wiki akiambiwa atoe fedha ya mwezi mzima tarehe 30, tarehe 30 inamkuta hana kitu, na hapo ndipo simu inapozimwa. Fedha hutumwa kwa simu, ili kumbukumbu ibaki na pasiwepo wa kusema nilimpa mkononi akakana.

Yako mashauri ambayo baba anakana kabisa kwamba mtoto ni wake. Hapo hatubishani. Kipimo cha vinasaba hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na mtu hawezi kujiendea tu akaomba apimwe. Ombi hupitia kwa mamlaka zinazotambuliwa kisheria, na ustawi wa jamii ni mojawapo. Nimeona baadhi ya akina baba wakilainika mara tu wanapoelezwa utaratibu huo.

Baada ya saini ndipo kazi huanza. Wiki za mwanzo fedha huja, kisha huja pungufu, kisha haiji, na mama huona aibu kurudi kulalamika kwa kudhani ataonekana msumbufu. Kwa hiyo sisubiri arudi. Napiga simu mwenyewe, na nikiona majibu ni ya kuzungukazunguka, nakwenda. Yule fundi alipokwama nilimkuta kwenye jengo analojenga, akanieleza kwamba mwenye nyumba alisimamisha kazi kwa kukosa saruji. Tukakubaliana apunguze kwa muda badala ya kuacha, na mama akaelezwa siku hiyo hiyo. Mpaka leo anatuma. Akishindwa mtu kabisa kwa makusudi, tunakwenda Mahakama ya Watoto, na huko mahakama huweza kuniagiza niandae ripoti ya uchunguzi wa kijamii.

Ripoti hiyo naiogopa kwa maana nzuri ya kuogopa, kwani hakimu hatafika kwenye nyumba ile; ataiona kwa maneno yangu. Nikienda naangalia mtoto analala wapi na nani, kama ana nguo za shule na nani huzifua, kama anapoitwa huja au hujibanza, na kama yupo mtu mzima ambaye mtoto humkimbilia anapojigonga. Siandiki "mazingira ni duni." Naandika kwamba chumba ni kimoja, kwamba chandarua kipo na hakijatoboka, kwamba bibi ndiye anayempeleka mtoto kliniki na kadi imejazwa mpaka mwezi huu. Umaskini wa nyumba si ushahidi dhidi ya mzazi, na nimejiapiza kutoandika sentensi itakayomfanya hakimu adhani hivyo.

Kuna jambo moja ambalo silisuluhishi, hata aje mzee wa heshima kiasi gani. Mtoto akifanyiwa ukatili wa kingono, familia mbili huweza kukaa usiku mmoja na kuyamaliza kwa fedha au mifugo, kisha wakaja kwangu wakitaka nishuhudie makubaliano kwa muhuri. Nawaamkia kwa adabu zote, nawapa viti, kisha nawaambia kwamba hilo ni kosa la jinai lisilo na kikao cha ukoo. Mtoto anatakiwa hospitali haraka, ndani ya saa 72 ili dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zisaidie, na taarifa inatakiwa ifike kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako hutolewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Nimewahi kuitwa mvunja ndoa na mgeni asiyejua mila kwa kusema hivyo. Kinachonikosesha usingizi si matusi hayo bali shauri linalofika mahakamani na mama mzazi wa mtoto hatokei kutoa ushahidi, kwa kuwa aliyetenda ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Tungekuwa na familia za malezi ya kambo, yaani za kumpokea mtoto kwa muda, za kutosha katika kila kata, mtoto akapata pa kukaa wakati shauri likiendelea, naamini akina mama wengi zaidi wangethubutu kusimama kizimbani.

Kwa msomaji anayefikiria kwenda ofisi ya ustawi ya kata au halmashauri yake: huhitaji wakili, na wito, yaani barua ya kumwita mzazi mwenzako kwenye kikao, hauuzwi. Njoo na kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa cha mtoto, namba ya simu ya mzazi mwenzako, na jina la mtaa au kijiji anachoishi ili wito umfikie kupitia kwa mwenyekiti wake. Ukiona mtoto wa jirani anateseka na huwezi kuja, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haikutozi chochote. Akina baba mnaozuiwa kuwaona watoto wenu, njooni pia. Haki ya kumjua na kulelewa na mzazi ni ya mtoto, na mama anayeizuia bila sababu ya usalama huandikiwa wito kama wengine.